Doa jeusi kwenye unyayo wa babangu, je sisi watu weusi tunafaa kupimwa ngozi kila mara?

BintiLikoni

Assalam alaykum na hamjambo nyote humu ndani. Nataka kuuliza kitu na naomba mnijibu kwa ukweli manake nyumbani tumebishana hadi tumechoka. Babangu ni mtu mzima, miaka sabini na kitu, umri wake wote umepita baharini, kwanza uvuvi alafu akawa nahodha wa boti za kutembeza wageni, sasa amestaafu yuko nyumbani. Juzi juzi nilikuwa namkata kucha za miguu nikaona chini ya unyayo, karibu na kisigino, pana doa jeusi limepita sentimita moja kwa upana, ukingo wake haukunyooka, upande mmoja jeusi tititi, upande mwengine limekaa rangi ya kahawa. Haliumi wala haliwashi. Nikamuuliza akasema ah huo ni mwiba nilikanyaga baharini kitambo, uliacha alama. Mamangu naye yuwasema mwaka juzi hilo doa lilikuwa dogo sana, limekuja likakua polepole.

Mimi nikasema twende hospitali. Kakangu akakataa katakata, ati kansa ya ngozi ni ugonjwa wa wazungu wanaolala ufuoni kuota jua na wa ndugu zetu albino, mtu mweusi ngozi yake yamkinga, tutapoteza pesa bure na kumtia mzee hofu. Maswali yangu ni haya, kweli mtu mweusi hapati? Na hizi habari za kupimwa ngozi kila mwaka ni za kila mtu au ni za watu wa nchi za baridi huko? Na kama zatuhusu, hapa Mombasa mtu aanzia wapi? Tafadhali msinitumie dawa za kupaka, nataka nijue kwanza ni nini.

Shomari_wa_Majengo

Waalaykum salaam dadangu. Mimi naona kakako hajasema vibaya. Nimezaliwa hapa nimekulia hapa, jua hili la Mombasa latupiga tangu utotoni, wabeba mizigo wa Marikiti, wavuvi, wauza madafu, wasukuma mikokoteni, wote wako juani kutwa na sijasikia hata mmoja akaambiwa ana kansa ya ngozi. Siku hizi hospitali ukiingia na kikohozi unatoka na orodha ya vipimo, pesa ya unga yaishia hapo. Mzee apumzike, aoshe mguu kwa maji ya vuguvugu ya chumvi, mumuangalie angalie. Nasema kwa kumuonea huruma mzee, si kwa ubaya.

MuuguziTudor

BintiLikoni mpeleke mzee, na usingoje mwezi uishe. Naanza na hilo manake watu husoma mstari wa kwanza wakaondoka.

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi kliniki ya ngozi kwa miaka. Siwezi kukuambia hilo doa ni kansa, hakuna mtu anaeweza kusema hivyo kwa kusoma maneno tu, yaweza kuwa ni damu imevilia chini ya sugu, yaweza kuwa kweli ni rangi ya mwiba, yaweza kuwa ni waa la kawaida tu manake watu weusi wengi tuna mawaa nyayoni na hayana neno. Lakini wewe umetaja vitu vinne ambavyo sisi tukivisikia tunaacha kalamu tunamtazama mgonjwa: limekua, limepita milimita 6, ukingo hauko sawa, na rangi ni mbili. Alafu liko unyayoni.

Hapo kwenye unyayo ndipo watu wengi wanapotea. Ni kweli ngozi nyeusi yakinga, Marekani ambako wanaweka hesabu vizuri wazungu wapata melanoma, ambayo ndio kansa ya ngozi kali zaidi, mara 20 na zaidi kuliko watu weusi. Hilo halina ubishi. Lakini ile melanoma inayotushika zaidi sisi haitokani na jua, yatoka kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo rangi ni kidogo na jua halifiki. Kwa hivyo wale wabeba mizigo na wavuvi aliowataja Shomari tukitaka kuwajua hali zao tusiwaangalie mgongo uliochomwa na jua, tuwageuze miguu. Na kwa kuwa hakuna anaegeuza mguu wa mtu, ugonjwa hupatikana ukiwa umeshashuka chini kwenye nyama na umeshapanda kwenye mtoki, zile tezi za kinenani. Huko huko Marekani wazungu waliopatikana na melanoma karibu 94 kwa mia wako hai baada ya miaka 5, watu weusi ni kama 70 kwa mia, na sababu moja kubwa ni kuchelewa kugunduliwa.

Bob Marley nyote mwamjua. Mwaka 1977 alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, ikadhaniwa ameumia kwenye mpira, kumbe ilikuwa melanoma chini ya ukucha. Alishauriwa kidole kikatwe akakataa, akatolewa ukucha na nyama ya pale tu. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981 na miaka 36, kansa imeshafika mapafuni na kwenye ubongo. Kijana mwenye afya anaecheza mpira kila siku.

Sasa swali lako la pili, la kupimwa kila mwaka, hapa nataka niseme ukweli hata kama si ule mnaoutarajia kwa muuguzi. Kwa mtu mzima asiye na dalili yoyote wala hatari yoyote, mwaka 2023 kamati ya wataalamu wa Marekani inayotoa ushauri wa vipimo vya kinga ilisema ushahidi hautoshi kuamua kama kumkagua kila mtu kwa daktari kuna faida au hakuna. Kwa hivyo Shomari ukisema si kila mtu akapange foleni atoe pesa, hapo tuko pamoja. Lakini kujikagua mwenyewe nyumbani mara moja kwa mwezi hakuna gharama, na mwenye doa linalobadilika huyo hayuko tena kwenye hesabu ya wasio na dalili, huyo ni mgonjwa anaetakiwa kuonekana. Na kuna watu ambao kwao kukaguliwa na mtaalamu kwa ratiba kuna maana zaidi, nao ni wenye ualbino, waliowahi kupata kansa ya ngozi, wenye makovu makubwa ya moto, wenye kidonda ndugu, waliowekewa figo wakawa watumia dawa za kushusha kinga, na wanaoishi na HIV. Hawa wa mwisho kuna kansa inaitwa kaposi, yatoa madoa au vinundu vya zambarau au vyeusi miguuni na hata kwenye kaakaa, na dawa za ARV zenyewe zasaidia sana kuituliza kwa hivyo mtu akiona hivyo asijifiche.

Pa kuanzia, hapo Likoni mna hospitali ya serikali, aonwe na klinikal ofisa aandikiwe rufaa ya kliniki ya ngozi ya hospitali ya Coast General, vukeni feri asubuhi mapema. Mwambie waziwazi yule wa kwanza kumuona kwamba doa limekua ndani ya miaka miwili. Hilo neno "limekua" lisikosekane kwenye maandishi ya rufaa.

Kibarani_boy

Naongezea kuhusu makovu manake Muuguzi amepita haraka na hapo ndipo familia yetu ilipoumia. Mjomba wangu aliungua na mafuta ya taa akiwa mdogo, stovu ililipuka, akabaki na kovu kubwa kutoka goti hadi chini. Miaka ikapita mingi, ameoa, ana wajukuu, kovu likafunguka likawa kidonda kidogo tu. Akawa aenda kuoshwa na kufungwa bandeji kwenye kituo kimoja cha afya, aenda arudi aenda arudi, miezi kwa miezi, kila siku aambiwa ni kidonda cha kawaida na aangalie sukari. Sukari hana. Kidonda kikawa chatoa harufu na kando kimeinuka nyama. Hakuna hata siku moja mtu aliefikiria kukata kipande apeleke maabara. Alipofika kwa daktari wa ngozi alitazama tu akauliza hili kovu la nini, akakata kipande siku ile ile. Ikawa ni kansa, mguu ukakatwa juu ya goti. Yuko hai alhamdulillah na yuwatembea na magongo, lakini mimi mpaka leo moyo waniuma.

Baadae nikasoma kumbe jambo hili lajulikana tangu mwaka 1828, kuna daktari Mfaransa Marjolin alieandika kuhusu vidonda vinavyotoka juu ya kovu, na kwa kawaida hutokea miongo mingi baada ya kuungua. Karibu miaka mia mbili! Kwa hivyo yeyote mwenye kovu la moto la zamani, au la kidonda kilichokaa sana, likifunguka na lisifunge kwa wiki chache, usikubali bandeji peke yake, uliza maabara. Uliza mara ya pili wakikupuuza.

MamaSalha

Shukran kwa aliefungua mada hii, hata mimi nina la kusema. Binti yangu ana ualbino, yuko gredi ya nne, na kwetu kukaguliwa ngozi si swali la kama kuna haja, ni kitu kiko kwenye kalenda. Kila baada ya miezi mitatu minne hivi apelekwa kliniki, avuliwa, aangaliwa masikio mbele na nyuma, shingo, midomo, mikono, utosini, hadi nyuma ya magoti. Wenzangu wengi wadhani watoto wetu wapatwa na vidonda tu vya jua. Hapana, kile kigaga kikavu kinachokwaruza ukikipapasa, ambacho hakitoki hata ukipaka mafuta, hicho ndicho kinachoweza kugeuka kansa kikiachwa. Wakikiona mapema wakipulizia naitrojeni ya baridi kali dakika chache mtoto arudi nyumbani. Kikiachwa ni upasuaji wa uso. Na kwa watu wenye ualbino wa huku kwetu kansa hii haingoji uzee, kuna wanaoipata na miaka ishirini na kitu, nimewaona kwenye foleni, vijana wazuri, sikio limeliwa.

Hii Mombasa yetu iko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, kuna vipimo vya ukali wa miale ya jua, 11 kwenda juu yaitwa hatari ya mwisho, na hapa mchana tunafika huko miezi mingi si wakati wa kaskazi peke yake. Mawingu yasikudanganye. Na ufuoni yazidi manake miale yarudi kutoka chini, mchanga mkavu warudisha kama asilimia 15, povu la bahari kama 25, kwa hivyo mtoto aliekaa chini ya mwavuli pale Jomo Kenyatta Beach bado achomwa. Sisi tukitaka kwenda baharini twaenda alasiri ikishakuwa vivuli virefu. Kanuni yangu kwa Salha ni rahisi, kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe ingia ndani.

Losheni yatolewa bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, ila lazima mtoto awe amesajiliwa, na mwaichukua hospitalini. Kuna wakati mwafika mwaambiwa imekwisha, njooni mwezi ujao, na jua halingojei mwezi ujao, hilo wahusika walisikie. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino Kenya nzima, hiyo si idadi ya kushinda serikali kuwapa losheni mwaka mzima. Wenzetu wa Moshi Tanzania, pale hospitali ya KCMC, watengeneza wenyewe losheni yao ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwa nini hapa tuwe twangoja makontena? Losheni iwe ya SPF 30 au zaidi, mpake kila baada ya saa mbili, na mpake nyingi, watu hupaka kama pafyumu.

Na jambo jengine nawaomba walimu na maustadh. Kofia ile ya kushona tunayowavalisha watoto wa kiume madrasa ni nzuri lakini haifuniki masikio wala shingo, na kepu ya shule ni vivyo hivyo. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana ya duara, na shati la mikono mirefu. Nilienda kwa mwalimu mkuu nikamueleza kwamba vipindi vya michezo saa sita mchana vyamuumiza, akavihamisha kwa darasa zima vikawa asubuhi ya kwanza, na watoto wote wamefaidi. Kwa hivyo ombeni, wengi hawakatai wakielezwa.

Shost_wa_Nyali

Je sisi tunaotumia krimu za kung'arisha? Naulizia rafiki zangu wa saluni, wengi sana watumia mkorogo na wasema ngozi yao sasa haistahimili jua kabisa.

MuuguziTudor

Shost waanze safari ya kuiacha leo. Ile rangi wanayoiondoa ndiyo iliyokuwa yawakinga, na mikorogo mingi ina haidrokwinoni, steroidi na nyengine hadi zebaki ambayo yaharibu figo. Wakiacha ghafla ngozi yaweza kuwaka na kuvimba kwa sababu ya steroidi, kwa hivyo wamuone daktari wa ngozi awaachishe taratibu. Na wajikague uso na shingo, chochote kisichopona wakioneshe.

HinaNaPiko_MjiWaKale

Mimi napaka hina na piko maharusi na wageni wao, nimeshika miguu ya wanawake wa mji huu wengi sana. Nilipomsoma Muuguzi nimetetemeka kidogo manake hina ndiyo inayoficha yote haya. Mwanamke akipaka hina kwenye kucha na nyayo kila arusi, kila Idd, hajui ukucha wake una rangi gani mwaka mzima. Kuna mama mmoja nilikuwa namsafisha miguu kabla ya kumpaka nikaona kidole gumba kina mstari mweusi mpana na weusi umemwagika hadi kwenye ngozi chini ya ukucha, nikamwambia bi huu mguu siupaki leo, nenda kauoneshe. Alikasirika mwanzo. Akaenda. Alifanyiwa upasuaji na mpaka leo yuwanipigia simu kunijulia hali.

Kwa hivyo wenzangu wa kazi hii tuwe na desturi, kabla hatujaweka hina tutazame ukucha mmoja mmoja na unyayo mzima kwenye mwangaza, na hina ya zamani ikitoka tuiache miguu ipumue wiki moja mbili mwenyewe ajione. Na tukumbuke sisi wengi twatawadha mara tano kwa siku, mkono wapita kati ya vidole na chini ya mguu kila mara, basi macho yafuate mkono, mara moja tu kwa mwezi ukae kitako utazame vizuri.

Shomari_wa_Majengo

Muuguzi nimekusoma hadi mwisho na pia huyo bi wa hina. Nina swali la dhati. Mimi nina mistari myeusi kwenye kucha za vidole vya mikono, karibu vyote, tangu ujana, na ndugu zangu pia wanayo. Je nayo ni hii? Nimewaangalia pia wafanyakazi wenzangu hapa karakana wengi wanayo.

MuuguziTudor

Swali zuri sana Shomari, na wengi watalala na hofu bila sababu wakishasoma ya bi wa hina, kwa hivyo nieleze polepole. Watu weusi kuwa na mistari ya rangi kwenye kucha nyingi ni jambo la kawaida na huongezeka na umri, ukiona iko vidole vingi, myembamba, ya rangi moja, imenyooka toka chini hadi juu, na iko hivyo miaka yote, tulia. Wa kuoneshwa daktari ni ule ulio peke yake kwenye kidole kimoja, hasa kidole gumba cha mkono au cha mguu, uliojitokeza ukubwani, uliozidi milimita 3 au unaoendelea kupanuka, wenye rangi zilizochanganyika, au ukucha wenyewe unapasuka na kuinuka. Na ile aliyoiona bi wa hina, weusi kumwagika nje ya ukucha kwenye ngozi, hiyo ni ya kukimbiza. Mtu akisema nilijigonga, sawa, damu ya kujigonga husogea mbele ukucha unavyokua na baada ya miezi yatoka nayo. Isiyosogea ioneshwe.

Kujikagua kwenyewe ni hivi, chagua siku moja ya mwezi, kaa kwenye mwangaza wa mchana karibu na dirisha, vua, anza na nyayo na kati ya vidole, kucha zote ishirini, viganja, ndani ya midomo na ufizi, nyuma ya masikio, kichwani ukigawa nywele, makalio na sehemu za siri kwa kioo. Mgongo akuangalie mkeo au mumeo au nduguyo. Ukiona waa piga picha kwa simu ukiweka sarafu ya shilingi kando yake ili ukubwa uonekane, mwezi ujao piga tena vile vile ulinganishe. Daktari akiona picha za miezi mitatu zimepangwa, kazi yake inakuwa nyepesi mno kuliko maneno ya kukumbukia.

Na tafadhali, waa lolote msilichome kwa maji ya betri, msilifunge uzi, msilikwangue na wembe. Wafika kliniki limeshaharibika hata maabara wapata tabu kulisoma.

BintiLikoni

Jamani Mwenyezi Mungu awalipe nyote. Nimemsomea kakangu majibu yote, ya Kibarani_boy yamemshika sana, amesema yeye mwenyewe atampeleka mzee Jumatatu. Sasa mzee ndiye amekaza, yuwasema hakatwi. Kuna rafiki yake waliekuwa wavua pamoja alikatwa uvimbe na baada ya muda mfupi akafa, kwa hivyo yuwaamini kisu ndicho kilichoitawanya ile kansa. Nimueleze vipi bila ya kumvunjia heshima? Na hiyo bayopsi yenyewe, yaani kukatwa kipande cha kupeleka maabara, inakuwaje, atalazwa?

MuuguziTudor

Halazwi kwa kawaida. Atadungwa sindano ya ganzi pale pale, unyayo una neva nyingi kwa hivyo hiyo sindano yauma kidogo, usimfiche, alafu hasikii kitu. Doa likiwa dogo hutolewa lote, likiwa kubwa au pahali pabaya huchukuliwa kipande kwenye sehemu nyeusi au nene zaidi. Ashonwa nyuzi chache, mguu usiguse chini sana siku za mwanzo, kwa hivyo mupange usafiri wa kurudi, asitembee kwenye feri kwa miguu. Uliza bei na kama SHA, bima ya afya ya serikali, yalipia kabla ya kuingia chumbani, mwandikisheni mapema kama bado.

Hofu yake ya kisu naielewa na hayuko peke yake, nimeisikia kwa wazee wengi na wana sababu, wameona kwa macho yao mtu akakatwa akafa. Mwambie yule rafiki yake huenda alifika kwa mpasuaji kansa ikiwa imeshatembea, na kisu kikalaumiwa kwa jambo lililotangulia. Kukata kipande cha melanoma kwa uchunguzi hakuisambazi. Na kile kipande ndicho kinachosema unene wake kwa milimita, ikiwa iko chini ya milimita 1 mara nyingi ni kukata tena pembeni kidogo na kumaliza, ikishakuwa nene ndio mambo ya mtoki na mapafu yaanza. Usimwambie "baba una kansa", kwa sababu hujui na mimi sijui. Mwambie baba tunataka kujua kama ni mwiba kweli, na kama ni mwiba tutafurahi sote. Mzee aliekuwa nahodha aelewa, hakuna aliengoja boti ijae maji ndio atazame chini.

Kama atakubali kuzungumza na mtu mzima mwenzake, muombe imamu wa msikiti wenu au rafiki mwengine aende nae, wazee wengine husikia kwa rika kuliko kwa watoto wao wa kuwazaa.

MamaSalha

BintiLikoni na siku ya kliniki uende nae wewe au kakako, asiende peke yake, wazee wetu wakiulizwa na daktari husema "sijambo" alafu warudi nyumbani. Wewe ndiye utasema limekua.

MuuguziTudor

Kweli kabisa MamaSalha. Na majibu ya maabara huchukua wiki kadhaa pengine, usikae ukingoja upigiwe simu, uliza tarehe kamili ya kurudi na urudi siku hiyo. Karatasi ikitoka piga picha uihifadhi kwenye simu yako na ya kakako, faili hupotea. Ikiwa ni salama, alhamdulillah, bado muangalieni nyayo kila mwezi pamoja na ule unyayo mwengine. Ikiwa sio, mtaenda kituo cha kansa hapo hapo Coast General mkiwa na karatasi mkononi, na uniandikie hapa nikuelekeze la kuuliza.

BintiLikoni

Amekubali. Amesema ataenda Jumatatu lakini kakangu asiendeshe mbio.